Iniversite ni ya Serikali: Serikali Ilipe Walimu Wake

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wafanya kazi, Likasi



Sisi tunafanya kazi katika biro ya mgodi. Kila mwezi tunaandika orodha ya mishahara, na orodha ingine ya avansi. Miezi mingi watu wanaomba avansi kwa ajili ya unga, dawa ao matanga. Lakini ikifika mwezi wa 10 na wa 11, sababu inageuka: "Mtoto, iniversite." Baba anayeendesha kamyo ya mawe usiku kucha anakatwa mshahara wake, na mwezi unaofuata amerudi tena dirishani, maana mtoto ameombwa franga ya silabusi. Na majina yetu sisi makarani yamo vilevile katika orodha ile. Hatusemi kwa ajili ya shida ya jirani.

Basi, neno letu la leo ni hili: iniversite ya Lubumbashi ni ya Serikali. Serikali iilipe, na Serikali iandike walimu.

Iniversite hii ilifunguliwa mwaka 1956, mji ungali unaitwa Elisabethville. Tulipopata uhuru mwaka 1960, Wakongomani waliokwisha kumaliza masomo ya iniversite hawakufika 30 katika inchi nzima. Wazee wanajua matunda yake: Wazungu walipokimbia, funguo za biro zilibaki, lakini mtu aliyefundishwa kuketi katika kiti hakuwako. Mwaka 1971 Serikali ilichanganya iniversite za Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi kuwa moja; mwaka 1981 ikazitenganisha tena. Mwezi wa 5 mwaka 1990 damu ya wanafunzi ilimwagika pale kampusi, na mpaka leo watu wanabishana juu ya hesabu ya waliokufa. Imepita katika mambo haya yote pasipo kufa. Itakuwa haya kubwa ikifa sasa kwa kukosa walimu.

Sikieni namna profesa anavyopatikana, maana wengine wanafikiri anachumwa mtini kama embe. Kijana anamaliza masomo, anaingia kazi kama asistan. Miaka inapita, anapanda kuwa shefu wa travo. Kisha anapashwa kuandika kitabu cha doktora, na kitabu kile hakiandikwi pasipo profesa wa kumwongoza. Kwa hiyo profesa mzee akifa hajaacha mtu nyuma yake, njia ya vijana wake inakatika naye. Masomo yake anabebeshwa mwenzake aliyelemewa tayari, ao anangojewa mgeni wa kutoka mbali, atakayekimbiza kwa majuma mawili masomo ya miezi mingi.

Na yule asistan? Wako wanaofundisha miaka na miaka, majina yao hayajaingia katika orodha ya mishahara ya Serikali. Mtu wa namna hiyo atakula nini? Atauza silabusi kwa mtoto wako. Ao atakuja kwetu mgodini kuomba kazi, na mgodi utampokea kwa furaha. Sisi hatumlaumu. Tunamlaumu aliyempa kazi kisha akasahau kumlipa. (Karani wa mgodi akisahau jina moja katika orodha, mnajua ninyi wenyewe makelele tunayoyasikia dirishani.)

Ndugu mmoja alituuliza juma lililopita: "Mimi mtoto wangu hatafika kule. Inanihusu nini?" Ulizo lake ni la haki. Tunamwuliza naye: nani anapima kama ukuta wa shimo utashika wakati wa mvua? Nani anapima maji yanayotoka kiwandani na kuingia mtoni, kule wake zetu wanakofua? Ni enjenyere na mtu wa kemia. Wasipotoka Lubumbashi watatoka ng'ambo, na karatasi zao zitasomwa na wenye kampani peke yao. Na mganga atakayekushona mkono uliopondwa na mashini, naye alifundishwa na mwalimu fulani.

Wengine wanasema: kampani zijenge, mambo yaishe. Zikileta meza na mabati, tutashukuru. Lakini kampani inafundisha kadiri ya haja yake. Shule za kampani za wakati wa ukoloni zilitoa mafundi na makarani, na hapo mlango ukafungwa. Hatutaki mwenye mgodi awe ndiye anayechagua atakayefundisha sheria ya mgodi.

Tena wasituambie hakuna franga. Mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya toni milioni 2 za shaba. Kamyo zake zilipita mbele ya macho yetu kwenda Kasumbalesa. Sheria ya mgodi ya mwaka 2018 imepanga kodi ya redevansi: katika 100, shaba inatoa 3 na nusu, kobalti inatoa 10. Franga ile inagawanywa: 50 kwa 100 kwa Serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa miji na sekta, 10 kwa kapu la vizazi vijavyo. Tumesoma hesabu hii mara nyingi, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Fungu lenye jina la iniversite halimo. Hao watu wa vizazi vijavyo, nani atawafundisha, ikiwa walimu wao wa leo wanauza silabusi?

Kikao cha wadepite cha bajeti kinaanza tarehe 15 ya mwezi wa 9. Mbele ya siku ile tunataka waambiwe waziwazi kwamba walimu wanaofundisha tayari waandikwe katika orodha ya mishahara, na kwamba mahali pa profesa aliyekufa ao aliyestaafu pajazwe mwaka uleule. Tena bajeti iliyopigiwa kura siyo franga iliyotoka. Mdepite wetu atuletee karatasi inayoonyesha kiasi kilichofika Lubumbashi kweli.

Barua iko pale mezani. Someni kwanza, halafu mtie jina na kazi yenu. Asiyejua kuandika atatia kidole, wino tumeleta.