Kopo la Uyoga na Ganzi ya Miguu

Siku hizi ukikaa barazani hapa Mbweni, Unguja, hukosi kusikia habari za vidonge vya uyoga. Video zinarushwa kwenye simu: meza viwili asubuhi, kumbukumbu itarudi, ganzi ya miguu itaondoka.

Kopo moja nimelishika mwenyewe. Ni la uyoga wa singa za simba, ule mweupe wenye nyuzi ndefu zinazoning'inia, unaoota kwenye magogo ya nchi za baridi. Si uzushi mtupu. Katika miaka ya 1990 Mjapani Hirokazu Kawagishi na wenzake walipata ndani yake kemikali ambazo, maabarani, zilizichochea seli kutoa protini ya kukuza neva. Protini hiyo ndiyo iliyompatia Rita Levi-Montalcini Tuzo ya Nobeli mwaka 1986. Mwaka 2009 Wajapani wakaujaribu kwa watu wa miaka 50 hadi 80 walioanza kusahausahau. Nusu yao walimeza gramu 3 za unga wa uyoga kila siku kwa wiki 16, wakawapita wenzao kwenye majaribio ya akili. Walipoacha, mwezi haujapita, alama zikaporomoka.

Na wote pamoja walikuwa kama 30 tu! Harusi ya Mbweni, hao ni wapishi peke yao.

Tena wale walipewa uyoga wenyewe uliosagwa. Kopo nililolishika, ukiyasoma yale maandishi madogo ya nyuma, ni nyuzi za uyoga zinazofanana na mizizi, zilizooteshwa juu ya nafaka, na nafaka ikasagwa humo humo. Unauziwa jina la jaribio, unga ni mwingine.

Ganzi ndiyo inayonitia hofu zaidi. Skuli ya afya ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, iko hapa hapa Mbweni. Muulize mwanafunzi yeyote wa uuguzi miguu inayowaka moto usiku inatokana na nini, atakutajia sukari kabla hujamaliza swali. Sukari ikikaa juu miaka, inaila mishipa ya fahamu kuanzia vidoleni. Na aliyetumia metformin, dawa ya sukari, kwa muda mrefu anaweza kupungukiwa vitamini B12, nayo huleta ganzi ile ile. Mzee anayemeza uyoga mwaka mzima bila kupimwa anaipa sukari nafasi ya kumfikisha kwenye kidonda asichokisikia.

Mwenye hamu ya uyoga, aule. Ule wa chaza, unaooteshwa kwenye mifuko ya mabua ya mpunga yaliyochemshwa, unapikika vizuri kwa tui la nazi na ndimu. Singapore mwaka 2019 walichapisha uchunguzi wa wazee zaidi ya 600: kati ya waliokula zaidi ya migao miwili ya uyoga kwa wiki, na wa chaza ukiwemo, wenye usahaulifu walikuwa wachache zaidi. Haijathibitisha kuwa uyoga ndio uliowakinga. Huenda wanaoula wana mlo bora kwa jumla. Lakini hicho ni kitoweo, hata kisipotibu kitu umeshiba.

Kwa hiyo pesa ya kopo ianzie kwenye kipimo cha sukari na presha. Ukishapimwa na bado unalitaka, mpelekee daktari alione kabla hujalifungua, hasa kama unatumia dawa za sukari au za kuzuia damu kuganda.