Simu Mkononi, Rula Mezani: Kupima Macho Baada ya Mtikisiko wa Ubongo



Kijana kaanguka na bodaboda, kazimia kidogo, kazinduka. Picha ya kichwa haikuonyesha damu, akaruhusiwa. Wiki mbili baadaye anarudi: akisoma, mistari inapandana na kichwa kinamgonga. Anasimamishwa mbele ya chati ya E, anaitaja hadi mstari wa mwisho. Anaambiwa macho yake mazima.

Chati imesema kweli, ila imeulizwa swali lisilohusika. Mtikisiko kwa kawaida hauondoi uwezo wa kuona mbali. Huvuruga ushirikiano wa macho mawili: kukutana kwenye kitu cha karibu, kurekebisha ukali wa taswira, kuhama neno hadi neno. Mwaka 2016 watafiti wa Hospitali ya Watoto ya Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo ya vijana 100 waliopata mtikisiko. 69 walikuwa na tatizo la kuona, na kwa 49 kati ya wote macho hayakukutana vizuri karibu.

Ndiyo maana nina wasiwasi tunaposhangilia upimaji wa macho kwa simu kwa jumla. Programu ya Peek Acuity, iliyojaribiwa Nakuru na matokeo yake kutolewa mwaka 2015, ilithibitisha kwamba mpimaji asiye mtaalamu wa macho anaweza kupata kipimo cha kuaminika kwa simu. Hilo ni jambo kubwa. Lakini nayo ni chati ya E. Kwa kijana wetu ingetoa jibu lilelile.

Kinachofaa kupimwa ni hiki. Mgonjwa aketi, avae miwani yake ya kusomea kama anayo, atazame herufi moja ndogo. Isogeze polepole kuelekea puani hadi aseme imekuwa mbili, au uone jicho moja limetoka nje. Pima umbali kutoka puani. Ukizidi sentimita 5 au 6, shuku. Ukifika 15, usibishane naye tena kuhusu maumivu yake. Rudia mara tatu, kwani macho yaliyodhurika huchoka na umbali huongezeka. Kabla na baada, muulize kuhusu kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, ajipe alama kuanzia 0 hadi 10.

Mtauliza: si rula ya mwanafunzi inatosha? Inatosha, na asiye na simu asingoje. Faida ya simu ni video ya jicho linapokengeuka, ambayo tabibu wa zahanati anaweza kumtumia mtaalamu wa macho mjini, pamoja na kumbukumbu ya kulinganisha wiki hii na ijayo. Ila mwanga wa skrini wenyewe huwaumiza wagonjwa hawa. Upunguze, na kipimo kiwe kifupi.

Anayetapika mfululizo, anayezidi kusinzia au ambaye mboni yake moja imepanuka kuliko nyingine hapimwi kwa programu yoyote; anatafutiwa gari la hospitali.

Ninapendekeza kikundi cha kazi cha mchana katika mkutano huu kianze na fomu ya rufaa: iongezwe nafasi ya sentimita, palipo na matokeo ya chati, yaani 6/6, peke yake.