Mwanamke Aliye Gerezani na Siku Atakayorudi



Watu wengi wa Kisii na Nyamira, wapitapo karibu na Gereza la Wanawake la Kisii, hudhani kwamba ndani yake hakuna ila adhabu. Fikira hiyo si sawa. Hakimu alimnyima mfungwa uhuru, hakumnyima utu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 51, yasema kwamba mfungwa hubaki na haki zake, isipokuwa zile zisizopatana na kifungo.

Kwa hiyo katika magereza ya wanawake nchini wafungwa hufundishwa kushona na kufuma, na wako waliofanya mitihani ya taifa wakiwa ndani. Tena sheria yamruhusu mama kukaa na mtoto wake mpaka atimize miaka minne. Mtoto huyo hana kosa lolote. Yampasa kupata maziwa, dawa na mahali pa kucheza. Hata kwa mama, michezo na nyimbo si anasa, kwani moyo uliokufa haujifunzi kitu.

Lakini kazi iliyo kubwa ni ya watu wa nyumbani. Siku moja mlango utafunguliwa, naye atarudi Keroka au Nyansiongo na ufundi wake mkononi. Akikuta jamaa wamemfungia mlango, na majirani wakimcheka sokoni, ufundi huo utamfaa nini? Heri jamaa wamtembelee tangu sasa, wasingoje siku ile. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.