Taa ya Nyuma Ikizimika: Mazungumzo na Wenye Magari, Tezo



Mimi si fundi, ni mtu wa kalamu tu. Lakini juzi, katika barabara ya Mombasa–Malindi, dereva wa matatu alinipigia honi hadi nikasimama. Akaniambia, "Bosi, nimekudhania pikipiki. Nusura nikugonge." Taa yangu moja ya nyuma ilikuwa imezimika.

Nilinunua balbu, nikaweka, giza. Nikanunua ya pili, giza vile vile! Fundi alipokuja alikwangua tu kutu mahali balbu inapokaa, ikawaka. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, inakula vyuma polepole.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, mwombe mtu asimame nyuma ya gari. Washa taa, kisha kanyaga breki. Zikiwa zimezimika zote mbili, anza na fyuzi. Ikiwa ni moja, itoe balbu. Nyingi zina nyuzi mbili: wa wati 5 wa taa ya kawaida na wa wati 21 wa breki. Mmoja hukatika, mwingine ukabaki mzima, kwa hivyo breki kuwaka kusikudanganye. Na ukikanyaga breki taa nyingine ikafifia, kagua waya unaoshika bodi.

Fyuzi ya ampea 10 ibadilishwe kwa ya 10. Tafadhali, msifunge karatasi ya sigara. Waya huchemka, gari likaungua.

Ukiwa peke yako, rudi nyuma usiku karibu na ukuta, uhesabu wekundu kwenye kioo.