KODI TULIPAYO NA UHURU WA MTU

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, walimu na wenyeji wa Didia, Wilaya ya Shinyanga



Nimeombwa nieleze habari za kodi. Najua neno hili halina utamu masikioni mwa mtu awaye yote, lakini mambo yasiyo na utamu ndiyo yafaayo kusemwa mchana, mbele ya watu wote, kuliko kunong'onwa usiku.

Nianze na jambo mlijualo kuliko mimi. Mtu mwenye ng'ombe wengi huwatoa baadhi yao akampa rafiki yake wa kijiji kingine awachunge. Rafiki hunywa maziwa na kutumia samadi, na hiyo ndiyo faida ya kazi yake. Lakini mwenye mali hakosi kwenda kuwatazama. Huuliza ndama wangapi wamezaliwa, ni yupi aliyekufa, na ngozi yake iko wapi. Wala rafiki hakasirishwi na maswali hayo, kwa maana ndiyo desturi. Basi, kodi ni kama ng'ombe wetu tuliowaweka kwa Serikali. Sikuja kuuliza kama tuwaweke au tusiwaweke. Nimekuja kuuliza hivi: je, twakwenda kuwatazama?

Kwanza tuangalie mambo ya zamani. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Nyumba ya shamba ililipiwa rupia 3. Mwaka 1905 ikawekwa kodi ya rupia 3 kwa kila mwanamume mzima. Waingereza nao walitunga sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Mwanamume aliyekuwa na wake watatu katika nyumba tatu alilipia nyumba zote tatu. Asiyekuwa na fedha aliweza kutakiwa afanye kazi badala ya kodi.

Kodi ile haikuwa ya kujaza hazina peke yake. Mtu aliyekuwa na mtama, ng'ombe na familia yake hakuwa na haja kubwa ya fedha. Kodi ndiyo iliyomfanya aitafute. Kwa hiyo alilima pamba, au aliacha nyumbani kwake akaenda mbali: kwenye mashamba ya mkonge ya pwani, au kwenye dhahabu ya Geita katika miaka ya 1930, au Mwadui baada ya almasi kugunduliwa huko mwaka 1940. Shilingi zile chache zilichukua miezi ya maisha yake. Hapo ndipo tuonapo kwamba kodi hugusa mfuko wa mtu, tena hugusa siku zake, na mahali awezapo kukaa, na kazi awezayo kuichagua. Huo ndio uhuru wake.

Tena liko jambo la pili katika habari hizo. Tangu mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, sehemu ya kodi ilirudishwa katika hazina za wenyeji, na watemi wakalipwa mshahara kutoka humo badala ya kupokea mazao na kazi za watu wao kama ilivyokuwa zamani. Kwa upande mmoja jambo hili lilikuwa jema, kwa kuwa hesabu iliandikwa na mtu alijua kiasi atakachotoa. Lakini macho ya mtemi yaligeuka. Zamani aliwatazama watu wake, maana riziki yake ilitoka kwao. Sasa alitazama boma, maana mshahara wake ulipita huko. Fedha zilikuwa zile zile za watu wa kijiji, ila njia yake ilikuwa ndefu zaidi, na mwenye kuzitoa akasahauliwa njiani.

Watu wasipoulizwa, siku moja husema wenyewe. Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa baraza la wilaya la Waafrika, Wazungu na Waasia lililowekwa na serikali ya kikoloni bila ridhaa yao. Tena walikuwa wamechoshwa na amri nyingi za kilimo na mifugo. Waliandamana mpaka Mwanza. Mwisho wake baraza lile liliondolewa, na amri zikalegezwa.

Sasa natoka katika habari za wakoloni, nakuja katika siku ambazo wengi wenu mnazikumbuka. Baada ya uhuru kodi ya kichwa iliondolewa mwaka 1969, na halmashauri za wilaya zikavunjwa mwaka 1972. Halmashauri ziliporudishwa mwaka 1984, kodi ya maendeleo nayo ilikuja. Sina haja ya kuwaeleza wazee jinsi ilivyokusanywa katika sehemu nyingi za nchi. Mgambo walitembea alfajiri. Watu walishushwa katika mabasi kwenye vizuizi wakaulizwa risiti. Wanaume walikwenda kulala porini kama wezi, nao hawakuiba kitu. Mwaka 2003 Serikali iliifuta kodi hiyo, na watu wakafurahi. Furaha ile ilikuwa ya haki, kwa kuwa mtu hawezi kusema ana uhuru naye aogopa kusafiri kwenda mnadani.

Lakini tangu siku ile limeingia kosa katika fikira zetu. Nimewasikia wengi wakisema, "Mimi si mfanyakazi wala mfanyabiashara, silipi kodi." Maneno hayo si kweli. Tofauti ni kwamba kodi ya zamani ilibisha hodi mlangoni, na ya leo huingia ndani ya sabuni.

Tufanye hesabu pamoja. Naomba walimu wanisahihishe nikikosea. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Kitu ambacho bei yake bila kodi ni shilingi 1,000 huuzwa shilingi 1,180. Mahindi mabichi ya shambani hayamo katika kodi hiyo, lakini sabuni, sukari, mabati na saruji vimo. Tuseme nyumba moja hununua vitu vyenye kodi hiyo kwa shilingi 59,000 kila mwezi. Ndani yake mna kodi ya shilingi 9,000. Kwa mwaka ni shilingi 108,000. Tuseme tena kwamba kibarua wa shamba alipwa shilingi 6,000 kwa siku. Basi nyumba hiyo imetoa kazi ya siku 18. Mwenye duka dogo asiyesajiliwa hatozi kodi hiyo mwenyewe, lakini alikwisha ilipa aliponunua kwa jumla. Kwa hiyo hesabu yaweza kupungua kidogo, ila haiondoki. Nimetaja kodi moja tu. Sijataja tozo iliyomo katika kila lita ya mafuta, ambayo mwenye basi huilipa kwanza, kisha huirudisha katika nauli yako. Wala sijataja ushuru wa mazao, ambao kwa sheria hulipwa na mnunuzi, lakini mkulima huuona katika bei apewayo.

Siku 18! Lau angekuja mtu nyumbani kwako akasema, "Njoo ufanye kazi siku 18," ungeuliza ni kazi gani, na ya nani, na kwa faida gani. Lakini kwa kuwa siku hizo huchukuliwa kidogo kidogo dukani, hatuulizi. Hili ndilo neno langu kubwa leo: kodi ionekanayo huulizwa, na kodi isiyoonekana husahauliwa, na fedha iliyosahauliwa na mwenyewe hupata wenyewe wengine.

Ushahidi tuliuona. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya kutuma na kutoa fedha kwa simu, kuanzia shilingi 10 mpaka shilingi 10,000 kulingana na kiasi. Kila mtu aliiona, kwa kuwa simu ilimwandikia. Mama aliyetumiwa fedha na mwanawe aliye mjini aliona zilizopungua. Watu walilalamika nchi nzima, wakubwa kwa wadogo. Nini kilitokea? Mwaka ule ule Serikali ilipunguza tozo hiyo kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikaipunguza tena. Zaidi ya hayo, Serikali ilijitokeza kueleza kwamba fedha zile zilikuwa zikijenga vituo vya afya katika tarafa na vyumba vya madarasa. Kupunguziwa ni jambo jema, lakini kuelezwa ni jema zaidi. Yote mawili yalikuja kwa sababu watu waliona, wakauliza.

Tena wako jirani zetu wa Geita, wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kabla ya mwaka 2019 walitakiwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, mbali na mrabaha. Mzigo ulikuwa mzito, na dhahabu nyingi ilipita njia za panya. Mwezi Februari 2019 kodi hizo mbili ziliondolewa kwao, na mwezi Machi soko la dhahabu likafunguliwa Geita. Tangu hapo dhahabu ya wachimbaji wadogo ipitayo katika vitabu vya Serikali imeongezeka. Funzo lake ni hili: kodi ya kiasi humfanya mtu aonyeshe mali yake, na kodi ya kupita kiasi humfundisha kuificha. Mtu afichaye mali yake hana uhuru, na Serikali yake haina mapato.

Sasa, ndugu zangu, wala asiondoke mtu hapa akasema kwamba nimewaambia msilipe. Sikusema hivyo. Ng'ombe waliowekwa hutoa maziwa kweli. Wazazi mnakumbuka ada za shule za msingi zilizoondolewa mwaka 2001. Mwezi Januari 2016 ada ikaondolewa pia kuanzia kidato cha kwanza hata cha nne. Kabla ya hapo familia iliuza ndama ili mtoto mmoja asome, na mara nyingi aliyebaki nyumbani alikuwa msichana. Je, msichana yule aliyekosa kusoma kwa kukosa ada alikuwa na uhuru gani? Barabara, kisima na dawa ni uhuru pia. Lakini msidanganyike kwamba vitu hivyo ni bure. Elimu isiyo na ada inalipwa na sabuni yenu. Mliinunua, basi mnayo haki ya kuitazama kama imekuja kamili, kama mwalimu yupo darasani, kama dawati lipo, na kama dawa imo kabatini.

Kwa hiyo nawaachia mambo matatu ya kutenda.

La kwanza, ulizeni sheria. Katiba yetu, katika ibara ya 138, yasema kwamba kodi haitozwi isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge au kwa utaratibu uliotokana na sheria hiyo. Mtu akisimama njiani na kitabu akataka ushuru, mwulizeni kwa adabu ni ushuru gani. Kwa mfano, tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara hauzidi asilimia 3, na wa mazao ya chakula asilimia 2. Tena mtu asafirishaye mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi. Mkulima asiyejua jambo hili hulipa zaidi ya wajibu wake, na cha ziada hakifiki hazina.

La pili, dai risiti. Muuzaji mwenye mashine ya risiti asipokupa, kodi uliyokwisha ilipa yaweza kubaki mfukoni mwake. Umetoa ng'ombe wako, naye hakumfikisha kwa mchungaji. Usione haya kudai karatasi ile. Ni ushahidi wako.

La tatu, nalo ndilo kubwa, nendeni katika mkutano wa kijiji. Sheria yataka mkutano huo ufanywe kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi yafaa kusomwa mbele ya watu. Mara nyingi watu hawaji. Wachache wakija huketi kimya, kisha wakirudi nyumbani husema maneno mengi. Nawaomba walimu wawasaidie wazee kusoma hesabu hizo, maana tarakimu nyingi zinaweza kuficha jambo dogo. Nanyi wenyeviti, msikasirike mkiulizwa. Mchungaji mwaminifu hafurahi mwenye ng'ombe asipokuja, kwa kuwa siku ng'ombe akifa kwa ugonjwa, hakuna wa kumshuhudia kwamba hakumla.

Wazee wetu walikimbilia porini kwa kuiogopa kodi. Sisi hatukimbii tena, na Mungu ashukuriwe. Lakini asiyekimbia wala asiyeuliza hawapitani sana: wote wawili hawajui fedha yao imekwenda wapi. Mwaka huu tukauze pamba na mpunga wetu, tununue sabuni, tulipe kilicho halali, na mkutano wa kijiji utakapoitwa twende sote tukahesabu ng'ombe wetu.