ASIYEWEZA KUINUKA

Somo: 1 Wafalme 19:1-8



Hapa Satellite, alfajiri twasikia makondakta wakiita abiria kando ya Barabara ya Naivasha. Wengi wetu tumekwisha kutoka kutafuta riziki. Lakini katika nyumba fulani yumo ndugu asiyeinuka. Hana homa. Chai imepoa, kazi imemponyoka, na hata kwaya aliyoipenda haimvuti tena. Majirani husema ni mvivu. Kanisani hunong'onwa kwamba imani yake imepungua.

Tusiharakishe kuhukumu. Mwaka 1954, huko Montreal, Kanada, James Olds na Peter Milner waligundua sehemu katika ubongo wa panya ambayo ikipata umeme kidogo, panya hurudi tena na tena kubonyeza chombo ili aupate. Utafiti umeendelea tangu hapo. Leo twajua kwamba ndani ya ubongo mna njia zinazotumia kemikali iitwayo dopamini, nazo humsukuma mtu aone kuwa jambo lastahili taabu yake. Kwa wagonjwa wengi wa huzuni ile nzito iitwayo sonona, watafiti wameona njia hizo zimedhoofika. Mtu anajua la kufanya, ila nguvu ya kuanza hana. Kumkemea ni kulipigia honi gari ambalo betri yake imekufa.

Tumtazame Eliya. Kwa maombi yake moto ulishuka Karmeli. Kisha akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Je, malaika alimkemea? La. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Alipomwamsha mara ya pili ndipo alipomtajia safari.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Tumpelekee ndugu yetu uji, tuketi naye, mahubiri yangoje. Tumsindikize kwa daktari. Jina la Mathari limefanywa tusi mitaani, lakini ile ni hospitali, nayo imewauguza watu tangu mwaka 1910. Akisema anatamani kufa, tusimwache peke yake. Tutafute msaada siku ile ile. Wala kumeza dawa si kumkana Mungu. Mkate wa Eliya ulitoka kwa Mungu, lakini ilimpasa autafune.

Tuombe. Baba mwema, uwakumbuke walio chini ya mretemu asubuhi hii. Ututume kwao na mkate, wala si na mawe. Kwa jina la Yesu, Amina.