Kabla ya Kupanda, Tuulize



Msicheke. Somo letu leo ni buibui. Anaitwa katipo, naye hapatikani po pote ila New Zealand, nchi ya visiwa iliyo mbali kusini. Jike mwili wake ni kama punje ya njegere, milimita 8 hivi, mweusi mwenye mstari mwekundu mgongoni. Dume ni mdogo zaidi. Wamaori, wenyeji wa huko, walimpa jina lenye maana ya mwenye kuuma usiku. Sumu anayo kweli, lakini ni mwoga. Huuma akibanwa tu.

Katipo huishi kwenye matuta ya mchanga kando ya bahari. Hutanda utando wake chini kabisa, palipo na majani na mchanga mtupu, akanasa wadudu wapitao. Majani ya asili ya pale, kama pingao, huota kwa kuachana, kwa hiyo nafasi ilikuwapo.

Sasa sikilizeni. Upepo ulikuwa unapeperusha mchanga mpaka mashambani. Watu wakaleta nyasi za Ulaya ziitwazo marram, wakazipanda. Mchanga ukatulia. Kazi nzuri, si ndiyo? Lakini nyasi zile zilisongamana hata buibui akakosa pa kutanda. Tena majumba yakajengwa ufukoni, magari yakapita juu ya matuta. Katipo akapungua sana. Mwaka 2010 akawekwa chini ya ulinzi wa sheria, na sehemu nyingine watu wanang'oa marram ili warudishe pingao. Kazi mara mbili!

Na kwetu je? Mathenge uliletwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa. Leo wafugaji wanalia kwamba umeziba malisho. Huko nako nia ilikuwa njema. Hata sisi tunaogawa miche, mara nyingi tunahesabu mashimo tu, hatuulizi.

Hatusemi msipande. Pandeni! Lakini kabla ya kushika jembe, kikundi kikae kijiulize:

1. Mmea huu umetoka wapi, na huko unaeneaje?
2. Hapa tunapotaka kupanda panaishi nini, nacho kitahamia wapi?
3. Wazee wanajua mmea gani wa hapa hapa unaoweza kazi hiyo?

Kuuliza hakuna gharama. Kung'oa ndiko kwenye gharama.